Walimu wa Kiswahili katika Vyuo Vikuu vya Ujerumani

Mwaka 1887, miaka mitatu tu tangu Carl Peters alipopita Usagara na Uzigua akiwatilisha watu alama katika mikataba wasiyoijua maana yake, serikali ya Ujerumani ilifungua mjini Berlin, ikaiambatanisha na chuo kikuu cha mji huo, taasisi ya kufundishia lugha za Mashariki, muradi wake ukiwa kwamba maofisa, wamisionari na wafanyabiashara waliokuwa wakijiandaa kuvuka bahari wasifike huko waendako wakiwa mabubu. Na miongoni mwa lugha hizo, pamoja na Kiarabu, Kituruki, Kichina na Kijapani, kilikuwamo Kiswahili. Kanuni iliyowekwa ilikuwa kwamba lugha iwe na mwalimu Mjerumani aliyeisoma kwa nahau, na ubavuni pake awepo mwenyeji wa lugha hiyo, aliyezaliwa nayo, ili wanafunzi waisikie kama isemwavyo na wenyewe. Cheo cha uprofesa, au matumaini ya kukifikia, kilikuwa cha yule wa kwanza. Wa pili aliitwa Lektor, jina ambalo hata leo katika vyuo vya Ujerumani humkusudia mwalimu wa lugha asiyekalia kiti cha elimu.

Leo, ambapo vijana wengi wa Afrika Mashariki hutamani kufundisha na kutafiti katika vyuo vya ng'ambo, na jamaa zao huipokea habari ya ajira hiyo kwa shangwe, nimeona ni vyema kuieleza kazi hii kwa kuanzia na historia ya hao waliotangulia. Kwani mashaka yanayomkabili msomi mgeni hayakuzuka jana, wala hayatokani hasa na ile baridi na ule upweke ambao ndio husimuliwa zaidi. Chimbuko lake ni swali ambalo aghalabu halimo katika barua ya kuajiriwa: je, mtu huyu ameitwa aje kufikiri na kuandika kwa jina lake mwenyewe, au ameitwa aje kuwa kielelezo ambacho wengine watakiandikia?

Walimu wenyeji wa mwanzo katika taasisi hiyo walitoka Unguja, Sleman bin Said kwanza, kisha Amur bin Nasur, ambao maandishi yao ya Kiswahili yaliingizwa katika vitabu vya masomo vya mwalimu Mjerumani C. G. Büttner. Lakini aliyeacha athari kuwapita wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu aliyekuwa amekwisha kusoma elimu ya dini ya Kiislamu katika mji wake kabla ya kuajiriwa Berlin mwaka 1900, hata ikawa hakufika Ulaya kama mtu wa kufunzwa bali kama mtu mwenye elimu yake kamili, ijapokuwa elimu hiyo haikuwa na shahada ya kutundikwa ukutani. Huko alifanya kazi pamoja na mwalimu Mjerumani, Carl Velten, na mwaka 1903 kikatoka mjini Göttingen kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani.

Sidhani kama kuna maandishi ya nathari ya zama hizo yanayotufaa kuliko haya. Atakaye kujua jinsi watu wa mrima walivyoposa na kuoza, walivyowatia wana wao jandoni, walivyopunga pepo, walivyozika na kukaa matanga, jinsi misafara ilivyopanga mizigo kabla ya kuondoka pwani kwenda bara, na jinsi kesi za deni na za urithi zilivyoamuliwa, hana budi kuzipitia kurasa hizo, nazo zimeandikwa kwa Kiswahili chepesi kilichonyooka, cha mtu anayeeleza mambo aliyoyaishi. Mtoro ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa kazi hiyo. Hata hivyo jalada lilibeba jina la Velten, na jina la Mtoro likabaki ndani. Ikapita karibu miaka 80, mpaka tafsiri ya Kiingereza ya kazi hiyo, iliyofanywa na J. W. T. Allen, ilipotoka mwaka 1981, ndipo mtu wa Dunda akatajwa waziwazi kuwa mwenye kitabu. Namtaja Velten bila ya kumtia ubaya asiokuwa nao, maana aliyahifadhi maandishi ambayo yangeweza kupotea. Lakini mtu aliyeandika kitabu na asionekane jaladani amedhulumiwa, na dhulma hiyo haipungui kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ada ya wakati ule.

Yaliyompata baadaye yanaonyesha jinsi ajira ya mwalimu mgeni inavyofungamana na siasa asizozitunga yeye. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Berlin, Bertha Hilske, kwa ndoa iliyokubaliwa na sheria za Ujerumani. Mwaka uliofuata, baada ya mzozo uliohusu hadhi aliyostahili mbele ya wanafunzi, ambao wengi wao walikuwa wakienda kutawala watu wa kwao, akaiacha taasisi na kupanda meli pamoja na mkewe kurudi Afrika Mashariki. Walipofika Dar es Salaam, utawala wa koloni ukawakatalia kushuka, kwa hofu kwamba mwanamume Mwafrika akionekana barabarani na mke Mzungu, haiba ya watawala itavunjika. Basi mtu aliyekuwa ameifundisha serikali lugha ya nchi akazuiwa kukanyaga nchi yake mwenyewe, ikambidi arudi Ujerumani, ambako baadaye alifanya kazi Hamburg, mahali Carl Meinhof alipokuwa akiijenga elimu ya lugha za Kiafrika, na akafariki dunia huko huko Ujerumani mwaka 1927. Maisha yake yote hayo yameandikwa na Ludger Wimmelbücker katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2009, na yeyote anayefikiria kwenda kufundisha ng'ambo atafanya vyema kukisoma.

Wa pili ambaye haifai kumpita kimya ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, ambaye naye alitumikia jeshi la Kijerumani katika Vita Kuu ya kwanza akiwa bado mdogo, kisha mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Madai yakakataliwa; yeye akabaki, akafanya kazi ya kuhudumia wageni mezani, akaigiza katika filamu, na katika miaka ya 1930 akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, akifundisha chini ya utawala wa Manazi ambao ulitaka kurudishiwa makoloni na kwa hiyo ulikihitaji Kiswahili chake, ilhali sheria zake za mbari zilimhesabu yeye mwenyewe kuwa si kitu. Mwaka 1941 alikamatwa na Gestapo kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akapelekwa bila ya hukumu ya mahakama katika kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe dogo la shaba limetiwa katika njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin kumkumbuka.

Zama hizo zimepita, na ni haki kusema kwamba zimepita kweli. Msomi wa Kiafrika anayefundisha Ujerumani leo analindwa na sheria za kazi, analipwa kwa viwango vilivyochapishwa ambavyo humhusu Mjerumani vilevile, ana bima ya siha, na akionewa anaweza kushtaki. Lakini mpango wa ndani wa vyuo, yaani nani ana kiti na nani hana, bado unahitaji kueleweka na mgeni kabla hajatia saini, na hapa yafaa nieleze kwa tuo.

Katika vyuo vya Ujerumani profesa ni kama nahodha wa jahazi: wako wachache, wengi wao ni watumishi wa serikali wasioweza kufukuzwa kwa urahisi, na kila mmoja ana kiti chake, bajeti yake na watu wake, lakini walio chini yao, wanaofundisha sehemu kubwa ya madarasa na kufanya sehemu kubwa ya utafiti, ni mabaharia wa kukodiwa kwa musimu. Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu msomi aajiriwe kwa mikataba ya muda kwa miaka isiyozidi 6 kabla ya kupata udaktari, na miaka mingine 6 baada ya kuupata, ambayo katika fani ya tiba hufika 9; muda huo ukisha, ama awe amepata kazi ya kudumu, ama ategemee fedha za mradi fulani, ama aiache kazi ya chuo. Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba chuo, kwa desturi iliyokazwa na sheria, hakimpandishi mtu wake mwenyewe kuwa profesa, hata awe hodari namna gani, bali humtaka aombe kiti katika chuo kingine. Kwa hiyo mwenye familia hulazimika kuhama mji na mji mpaka watoto wamefika umri wa kukataa kuhama.

Wenyeji wenyewe wamechoshwa na mpango huu. Wizara ya elimu na utafiti iliwahi kutoa filamu fupi ya kuusifu, ikimtumia kijana wa kubuni aitwaye Hanna, na kusema kwamba watu wasipoondoka, kizazi kimoja kitaziba nafasi zote. Mwezi Juni 2021 filamu hiyo ilipoibuliwa upya, maelfu ya wasomi walijitokeza kwenye mitandao kusema kuwa wao ndio Hanna, wakitaja mikataba waliyoipitia na umri waliofikia bila ya kuwa na uhakika wa mwaka ujao. Naam, hao ni raia, ambao mkataba ukikatika huhuzunika nyumbani kwao. Mgeni ana jambo la ziada, nalo ni kwamba kibali chake cha ukaazi, katika miaka ya mwanzo, hufuata mkataba. Wakuu wa idara wakichelewa kuamua kama fedha za mwaka ujao zipo, basi si mshahara tu unaotetereka, bali pia ruhusa ya mkewe kufanya kazi, shule ya watoto, na safari ya kwenda kumzika mzazi. Kwa dhiki zote za kazi hii, naiona hii kuwa ndiyo nzito kupita zote, na ndiyo isiyosemwa kabisa pale msomi arudipo likizoni akiwa na zawadi mkononi.

Kwa mwalimu wa lugha kuna zaidi. Profesa hutakiwa kufundisha kiasi cha saa 8 au 9 za darasa kwa juma, na muda unaosalia ni wake wa kutafiti na kuandika. Mwalimu wa lugha huweza kupewa saa 16 au kupita, na kila saa ina madaftari yake ya kusahihisha, hata ikawa mtu mwenye udaktari na mawazo mengi anamaliza muhula bila ya kuandika ukurasa. Ule mgawanyo wa mwaka 1887, wa mmoja kufikiri juu ya lugha na mwingine kuisema, haujaandikwa tena mahali popote, walakini hurudi kwa mlango wa hesabu ya saa.

Na kazi yenyewe ya darasani si nyepesi kama wadhanivyo walimu wa lugha yao ya mama. Mwanafunzi wa Kijerumani huja amezoea kusoma lugha kwa kanuni, na siku ya kwanza atakuuliza kwa nini Mswahili husema rafiki yangu mwema, upatanisho mmoja ukivutwa na ngeli na mwingine ukivutwa na uhai wa huyo rafiki. Na wewe, uliyesema hivyo tangu utotoni bila ya kujiuliza, huna budi kurudi kwenye nahau ya lugha yako na kuisoma kama mgeni. Kisha kuna suala la lahaja: vitabu vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja, na mwalimu aliyelelewa kwa Kimvita au Kiamu hujikuta akifundisha lahaja si yake, au akiiingiza yake kwa hekima, jambo ambalo kwa rai yangu huwanufaisha wanafunzi, kwani hawawezi kuonja tenzi za kale bila ya hiyo.

Adabu za huko nazo zina njia zake. Mhadhara ulioandikwa kuanza saa nne mara nyingi huanza saa nne na robo, na hilo si uvivu bali ni desturi ya tangu zamani. Unapokwisha, wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, na mgeni asiyeambiwa mapema huweza kudhani amewaudhi, kumbe wanamshukuru. Mwanafunzi kijana atakupinga mbele ya wenzake na hatakuwa amekusudia utovu wa heshima, na akikaa kimya haina maana kuwa amekubali. Aliyezoea vyuo ambavyo maneno ya mwalimu huandikwa kama yalivyo atahitaji muda kulizoea hilo, na akilizoea ataona linamnoa.

Yapo manufaa, tena makubwa, na ya kwanza kwangu ni maktaba. Kwa sababu ya historia ile ile ya utawala, sehemu kubwa ya miswada yetu ya kale ya Kiswahili, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, imo Hamburg, Berlin na London, na msomi wa pwani aliye huko huweza kuishika kwa mikono yake, kuisoma kwa jicho la mtu anayeijua lahaja, na kusahihisha makosa ya waliomtangulia. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa alifanya hivyo kwa miaka mingi katika chuo cha SOAS, London, na Mohamed Abdulaziz aliwarudishia watu wa Mombasa mshairi wao Muyaka katika kitabu cha mwaka 1979, kwa kuyatumia makaratasi ambayo mmisionari William Taylor, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, aliyakusanya mjini humo na baadaye yakahamia London. Kazi kama hizo ni malipo ya deni, nazo hazifanyiki na mtu anayefundisha saa 16.

Ni haki pia kutazama upande wa pili, maana sisi nasi tumewahi kuwa wenyeji wa walimu wageni. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, na wanafunzi 14 wa sheria, hakikuwa na wasomi wa kutosha wa nchi, kikajazwa na watu wa mbali: Terence Ranger, aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia ya Kusini, akawa profesa wa kwanza wa historia mwaka 1963, na Walter Rodney, mtu wa Guyana, akafundisha huko mpaka mwaka 1974. Hawa hawakuitwa wawe vielelezo. Walipewa mitaala waitunge, vijana wawabishie, na nafasi ya kuandika. Na Rodney, akiwa papo hapo Dar es Salaam, akaandika kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972 kwa jina lake, London na Dar es Salaam kwa pamoja. Mgeni aliyepewa kiti huzaa matunda kwa nchi iliyompa, na mfano wa Rodney unanitosha kuyasema hayo bila ya wasiwasi.

Kwa hiyo anayepelekewa mkataba wa kufundisha ng'ambo, iwe Ujerumani au kwingineko, asianze na mshahara. Aulize ni saa ngapi atafundisha, na kama kuna muda uliotengwa kwa utafiti wake mwenyewe. Aulize ikiwa atatumiwa kukusanya maneno, kufasiri au kusahihisha maandishi ya wengine, jina lake litawekwa wapi. Aulize mkataba ukisha, miaka aliyoitumikia itahesabiwaje. Aulize hata pensheni, kwa kuwa Ujerumani mtu hapati haki ya uzeeni mpaka awe amechanga kwa miaka 5, na mikataba mingi humalizika kabla ya hapo. Maswali haya hayamvunjii mtu heshima. Waajiri wa huko huyatarajia, na asiyeyauliza hudhaniwa kuwa ameridhika.

Katika miaka ya karibuni tumeona wenzetu waliopata nafasi wakaitumia. Abdilatif Abdalla, aliyekuwa amefungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka aliouandika kuikosoa serikali, alifundisha Leipzig tangu mwaka 1995 mpaka 2011, na wanafunzi wake walifundishwa Kiswahili na mmoja wa washairi wake wakubwa walio hai. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, aliyepata udaktari wake Leipzig mwaka 1985, alifundisha Osaka, kisha akawa profesa huko Bayreuth, mji ambao tangu miaka ya 1980 huwakutanisha kila mwaka wataalamu wa Kiswahili. Hata hivyo, kamati za kuajiri za huko huhesabu makala za Kiingereza na za Kijerumani, na makala ya Kiswahili iliyotoka katika jarida la Dar es Salaam haiongezi sana uzito wa mwombaji. Hata jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994 na linalopokea makala za Kiswahili, huletewa kwa wingi zile za lugha nyingine, kwa kuwa waandishi vijana wanayajua mahesabu hayo. Lakini Said Ahmed Mohamed, akiwa ameshika kiti ambacho hakuna mkataba wa kukimaliza, aliendelea kuandika kwa Kiswahili: Babu Alipofufuka ilitoka mwaka 2001, Dunia Yao mwaka 2006, riwaya ngumu, za majaribio, ambazo mtu anayehofia kibali chake cha mwaka ujao asingethubutu kuzitolea miaka yake, nazo zote mbili zilichapishwa Nairobi, kwa wasomaji wa Kiswahili, jina la mwandishi likiwa jaladani.